Nani Mwenye Ngitili? Shinyanga, Geita na Kazi ya Kufufua Kijiji

Mwaka 1984 Mwalimu Julius Nyerere alizuru Mkoa wa Shinyanga na kukuta nchi inayoelekea kuwa jangwa. Miti ilikuwa imekwisha, makorongo yamekula mashamba, na kuni zimekuwa adimu kiasi kwamba kaya nyingi zilipikia samadi iliyokaushwa na mabua ya pamba. Sababu zilijulikana. Tangu miaka ya 1920 serikali ya mkoloni ilikuwa imefyeka vichaka, eneo baada ya eneo, ili kuwafukuza mbung'o. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia pamba ikapanuka, mifugo ikaongezeka, na shoka likamalizia kilichobaki. Miaka miwili baada ya ziara hiyo Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita HASHI, kwa msaada wa Norway. Mradi uliendelea hadi 2004.

HASHI ilianza kama ilivyoanza miradi mingi ya enzi hizo. Vitalu vilifunguliwa, miche ya miti ya kigeni ikagawiwa, wananchi wakahimizwa wapande. Miche mingi haikufika mbali, kwa mchwa na kwa ukame. Mwelekeo ulibadilika pale maofisa wa misitu walipoketi na wazee, banamhala, wakaelezwa jambo ambalo Wasukuma walikuwa wakilifanya tangu zamani: kutenga sehemu ya malisho, kuifunga mvua zinapoanza, na kuifungua kiangazi kinapokolea, wakati nyasi za kwingine zimekwisha. Hiyo ndiyo ngitili. Mwaka 1986 ngitili zilizosalia mkoani zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Mradi ulipofikia mwisho, hekta zisizopungua 300,000 zilikuwa zimefufuliwa, katika vijiji 833. Mwaka 2002, katika mkutano wa dunia wa maendeleo endelevu uliofanyika Johannesburg, kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta.

Takwimu hizo zimetajwa mara nyingi katika semina za mazingira, na kwa kawaida husomwa kama habari ya miti. Mhadhara huu unazisoma kama habari ya watu. Msitu ulirudi Shinyanga kwa kuwa kijiji kilirudishiwa kitu cha kukitawala: eneo lenye mipaka, lenye kanuni zake, faini zake na mapato yake. Pale ambapo watu wana kitu cha pamoja na wana mamlaka juu yake, hukutana. Pale ambapo hawana, mkutano huitishwa mara tatu na akidi haitimii. Hoja hii ni nyepesi kuitamka, lakini historia ya Shinyanga na ya ukanda wa dhahabu wa Geita inaonyesha jinsi ilivyosahauliwa mara kwa mara, na kwa gharama gani.

Ngitili ya kijiji huanzia mkutanoni. Mipaka hutajwa kwa vitu vinavyojulikana na kila mtu: mbuyu fulani, kichuguu, korongo, mstari wa minyaa. Mara nyingi hakuna seng'enge. Mwezi wa Novemba au Desemba, mvua zikianza, eneo hufungwa na mifugo haiingii tena. Nyasi hukua, migunga huchipua kutoka kwenye mashina yaliyokatwa zamani, nyuki hurudi. Mchungaji anayepenyeza ng'ombe kabla ya siku ya kufungua hukamatwa na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, na kufikishwa mbele ya dagashida, baraza la kimila ambamo wazee husikiliza na kutoa adhabu. Kuna wanaolipa kwa fedha na kuna wanaolipa kwa mfugo. Kiangazi kikifika, ngitili hufunguliwa kwa sehemu, upande mmoja kwanza, ili nyasi zifike hadi mvua nyingine. Pamoja na malisho, hutoka humo kuni, miti ya kujengea, nyasi za kuezekea, uyoga, asali, matunda na dawa za mitishamba.

Tathmini iliyofanywa na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la IUCN, ikachapishwa mwaka 2005, ilikadiria kwamba ngitili zilimpatia mkazi mmoja faida yenye thamani ya dola 14 za Marekani kwa mwezi. Kwa wakati huo kiasi hicho kilizidi wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini. Akina mama waliokoa saa nyingi walizokuwa wakizitumia kutafuta kuni, maji na majani. Watafiti walihesabu pia zaidi ya aina 140 za ndege. Linalogusa zaidi ni matumizi ya mapato ya ngitili za pamoja: madarasa, nyumba za walimu, zahanati. Mtu aliyechangia darasa kwa nyasi alizojizuia kulisha ng'ombe wake analiangalia darasa hilo kwa jicho tofauti na yule aliyeletewa na mfadhili.

Isidhaniwe kwamba mambo yote yalinyooka. Mwenye ng'ombe mia hufaidi malisho kuliko mjane asiye na hata mbuzi. Ngitili nyingi ni za watu binafsi, hekta mbili, tatu, na wenye uwezo huzikodisha kwa wafugaji. Fisi nao walirudi pamoja na vichaka, na wafugaji wakalalamika. Lakini malalamiko hayo yalikuwa na mahali pa kupelekwa. Baraza lilikuwepo, na liliweza kuamua.

Kabla ya hapo baraza lilikuwa limepotea kwa vipande. Wasukuma hawakuishi kwa kubanana. Kaya zilitawanyika, kila moja na boma lake, mashamba na malisho yakiizunguka, na kilichowaunganisha watu kilikuwa vyama. Vijana walilima kwa zamu katika mashamba ya wenzao chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Jembe lilikwenda na ngoma, na bugobogobo inayochezwa kwa majembe ingali ikiwavuta watu hadi leo. Baada ya mavuno vyama vikuu viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilishindana kwa siku kadhaa, kila upande na waganga wake na mashabiki wake. Makumbusho ya Bujora, nje kidogo ya Mwanza, yamehifadhi sehemu kubwa ya urithi huo. Juu ya vyama hivyo palikuwa na watemi na wasaidizi wao, ambao mamlaka yao yaliondolewa kisheria mwaka 1963. Utemi ulikuwa na dhuluma zake, na wengi hawakuulilia. Hata hivyo kazi alizokuwa akizifanya mtemi, kama vile kutangaza siku ya kufunga malisho, hazikukabidhiwa kwa yeyote.

Katika miaka hiyohiyo viongozi wa Tanganyika walikuwa wakitafuta mifano ya maisha ya pamoja, na mmoja wa mifano hiyo, kijiji cha pamoja kiitwacho kibutsi, ulitoka Israel. Kibutsi ya kwanza, Degania, ilianzishwa mwaka 1910 kando ya Ziwa Galilaya na kikundi kidogo cha vijana waliokubaliana kwamba ardhi, zana na mapato vitakuwa mali ya wote. Walikula katika bwalo moja na kuamua mambo yao katika mkutano mkuu wa wanachama. Baadaye nchi hiyo ilipeleka askari vijana mpakani, wakilima kwa mkono mmoja na kulinda kwa mwingine. Nahal Oz, karibu kabisa na Gaza, ilianza hivyo mwaka 1951. Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa Tanganyika tarehe 10 Julai 1963, wazo la kijana anayelima, anayejifunza na anayelinda lilikuwa limepitia huko pia, na wataalamu wa Kiisraeli walishiriki katika mafunzo ya awali.

Somo kubwa zaidi la kibutsi lingeweza kusaidia, nalo halikuchukuliwa. Kibutsi ilikuwa ya hiari. Mtu aliomba kujiunga, akajadiliwa, akapigiwa kura. Na akitaka kuondoka aliondoka. Tanzania ilikuwa na mfano wake wa aina hiyo, tena mzuri. Litowa, katika wilaya ya Songea, si mbali sana na mpaka wa Msumbiji, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga. Vijiji vingine vilifuata, vikaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, vikamiliki mashine ya kusaga na ya kupasua mbao, na kuendesha shule ya Litowa ambayo mtaala wake ulitokana na maisha ya kijiji. Nyerere aliitazama Litowa kama ushahidi kwamba ujamaa unawezekana, na maandishi yake ya 1967 kuhusu ujamaa vijijini yanabeba alama zake. Tarehe 24 Septemba 1969 chama hicho kilivunjwa kwa uamuzi wa juu wa TANU. Kosa lake kubwa lilikuwa kwamba kilijiamulia.

Miaka minne baadaye, tarehe 6 Novemba 1973, Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Shinyanga ilihamishwa kwa kasi mwaka 1974. Familia zilipakiwa kwenye malori, nyumba za zamani zikabomolewa nyingine zikachomwa ili watu wasirudi, na makazi mapya yakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Kitaifa, kufikia 1977 watu wapatao milioni 13 walihesabiwa kuwa wakazi wa vijiji. Shule na zahanati zilifika karibu, na hilo lilikuwa jambo la maana lisilopaswa kubezwa. Watoto wengi wa Shinyanga walishika kalamu kwa mara ya kwanza kwa sababu hiyo. Lakini boma lilibaki nyuma, na ngitili ikabaki nyuma pamoja nalo. Eneo ambalo jana lilikuwa na mwenyewe leo likawa pori la kila mtu. Watu waliwekwa karibu kuliko wakati wowote katika historia yao, na hapohapo wakapoteza kile walichokuwa wakikisimamia. Mei 1976 hata vyama vya ushirika vilifutwa. Usukuma ulikuwa umejenga, kwa nguvu za wakulima wa pamba na uongozi wa watu kama Paul Bomani, shirikisho la ushirika la Victoria lililokuwa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika. Kwa tangazo moja mkulima alibaki na mamlaka ya pamba ya serikali na mizani ambayo hakuwa na sauti juu yake.

Pengo hilo lilijazwa na watu wenyewe, bila mradi na bila mfadhili. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliacha silaha nyingi mikononi mwa wahalifu, na wizi wa ng'ombe ukageuka kuwa ujambazi wa mauaji. Kati ya 1981 na 1982, kwenye mpaka wa wilaya za Kahama na Nzega, wanaume walianza kujipanga kwa pinde na mishale, kwa kiapo na kwa yowe la mwano ambalo kila aliyelisikia alipaswa kulipokea na kulipeleka mbele. Hiyo ndiyo sungusungu. Ilienea Usukuma na Unyamwezi kwa muda mfupi. Adhabu yake kali kwa mwanakijiji ilikuwa kutengwa: hapewi moto, hachotewi maji, hasaidiwi kuzika. Baadhi ya maofisa wa dola waliiogopa, Nyerere akaitetea, na mwaka 1989 sheria ikawapa askari wake mamlaka yanayokaribiana na ya mgambo. HASHI ilipokuja kutafuta walinzi wa ngitili, iliwakuta tayari wamejipanga.

Hapa ndipo msemaji yeyote wa ufufuo wa jamii anapopaswa kusimama na kusema ukweli wote. Jamii iliyoshikamana inaweza kumshikamania mtu mmoja. Kwa miongo kadhaa Shinyanga imekuwa ikiua bibi zake. Mwanamke mzee, mara nyingi mjane, mwenye macho mekundu kutokana na moshi wa miaka hamsini jikoni, huitwa mchawi, na usiku mmoja huja watu na mapanga. Katikati ya miaka ya 1970 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Serikali iliendesha msako mkali Mwanza na Shinyanga. Watuhumiwa kadhaa wakafia mikononi mwa dola, na Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kwa kuwajibika. Mauaji yaliendelea baada ya hapo. Katika baadhi ya maeneo sungusungu wenyewe walihusishwa na kuwasaka waliodhaniwa kuwa wachawi. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, na Kanda ya Ziwa ikawa ndiyo kitovu chake. Watoto walipelekwa kwenye shule ya Buhangija mjini Shinyanga ili wawe salama, na wengine waliishi humo miaka mingi, mbali na wazazi wao, wakati wa likizo hawana pa kwenda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Deborah Bryceson na wenzake ulieleza jinsi mauaji hayo yalivyofungamana na imani za hirizi katika machimbo ya dhahabu, kati ya mchimbaji anayetafuta bahati na mganga anayeiuza.

Kwa hiyo kipimo cha kijiji kilichofufuka kinapaswa kuwa kikali zaidi ya wingi wa miti au utulivu wa mifugo. Kiulizwe kama bibi wa miaka themanini analala usingizi. Kiulizwe kama mtoto wa Buhangija anaweza kurudi nyumbani Desemba na kucheza uwanjani. Ngitili ina mchango hapa ambao haujasemwa vya kutosha, kwa kuwa kuni kavu za karibu hupunguza moshi wa samadi na kumwondolea mzee safari ya upweke. Lakini haitoshi. Dagashida, ambalo kwa mila ni la wanaume, halina budi kuwa na wanawake ndani yake, wenye sauti na wenye kura. Halmashauri ya kijiji kwa sheria ya 1982 ina wajumbe kati ya 15 na 25, na robo yao kwa uchache ni wanawake. Baraza la kimila lisilokubali hata robo hiyo halistahili kukabidhiwa maisha ya mtu.

Geita ni habari nyingine, na ni ngumu zaidi.

Ni nchi ya watu waliokuja. Wazinza walikuwepo, Wasukuma wakahamia kwa wingi, hasa baada ya mkoloni kuanzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma mwaka 1947 na kuwahimiza watu watoke kwenye msongamano wa mashariki. Wahamiaji hao hawakukaa kimya. Mwaka 1958 walilikataa baraza la rangi mchanganyiko walilowekewa, wakaandamana hadi Mwanza kwa maelfu, na hatimaye likaondolewa. Jamii ya wageni wa juzi iliweza kusimama pamoja kwa sababu jambo lenyewe, nani atawale hapa, liliwahusu wote.

Dhahabu ilileta wageni wa aina nyingine. Mgodi wa zamani wa Geita ulianza miaka ya 1930 na kufungwa 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Katikati na kandokando yake wako wachimbaji wadogo: Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Nyakagwe, na Katoro ambako biashara haisinzii. Ikisikika kwamba jiwe lenye dhahabu limeonekana mahali, rashi, yaani mbio za kulikimbilia, huanza. Katika wiki chache shamba la mihogo huwa mji wa maturubai, wenye mama lishe, vinyozi, maduka ya simu, makarasha yanayosaga mawe mchana kutwa, na makanisa mawili. Jiwe likipotea, mji unahama.

Ukitazamwa kwa haraka, mji huo hauna jamii. Anayeukaribia huona sheria nyingi. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, aliyegharamia uchimbaji, na kuna wachimbaji wanaoshuka. Mawe yakitoka hugawanywa kwa mifuko, mbele ya macho ya wote, na kila mmoja husaga fungu lake. Aliyelishwa na mwenye duara wiki nzima bila jiwe kutoka hadaiwi chakula hicho. Akifa mtu, duara husimama na mchango hupitishwa hadi mwili ufike kwao, hata kama kwao ni Kigoma au Singida. Oktoba 2015 duara liliporomoka Nyangalata, Kahama, na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende na vyura. Waliokolewa kwa sababu wenzao walisikia sauti, wakaamini, wakachimba. Watu wanaofanya hivyo wana jamii. Wanachokosa ni mahali pa kisheria pa kuisimika.

Ukosefu huo unaonekana kwenye daftari. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na unapaswa kuketi angalau kila baada ya miezi mitatu. Mchimbaji aliyekaa Rwamgasa miaka minne mara nyingi hahesabiwi. Huitwa mtu wa kuja. Wanawake wanaosafisha dhahabu kwenye mialo, mikono yao ikigusa zebaki kila siku na watoto wakiwa mgongoni, hawahesabiwi pia. Kijiji kinaamua kuhusu kisima ambacho wao ndio watumiaji wengi zaidi, na wao hawamo. Kijiji nacho kinaogopa, na hofu yake ina msingi: watu mia tano waliokuja juzi wanaweza kupiga kura ya kuchimba malisho na kisha wakaondoka.

Kisha kuna fedha. Kampuni ya madini hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mauzo, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 inatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na serikali ya mtaa. Madarasa, vituo vya afya na taa za barabarani vimejengwa kwa fedha hizo, na Geita ya leo si ile ya miaka ishirini iliyopita. Lakini fedha hizo zinaamuliwa halmashauri, na kijiji hupewa taarifa. Linganisha na ngitili. Huko wanakijiji walijinyima wenyewe, wakauza wenyewe na kupanga wenyewe, kwa kiasi kidogo mno ukilinganisha na mabilioni ya mgodi. Na bado ni ngitili iliyowafanya wakutane.

Kinachotokea mgodi mkubwa unapofika au kuondoka kimeshaonekana Kahama. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha mgodi uliofunguliwa 2001, na kovu la tukio hilo halijapona. Buzwagi, katika kata ya Mwendakulima, ulianza kuzalisha 2009 na umeshafungwa baada ya miaka kama kumi na miwili. Eneo lake limepangiwa kuwa la viwanda. Vijana waliokuwa watoto wakati wa fidia sasa ni baba wa familia, na ardhi iliyolipwa fidia haipo tena.

Hata huko kibutsi zilikoanzia mambo yalibadilika. Mdororo wa uchumi wa katikati ya miaka ya 1980 uliziacha nyingi na madeni makubwa, na mwaka 2007 Degania yenyewe iliacha mfumo wa mapato sawa, kwa kura za wanachama wake. Tarehe 7 Oktoba 2023 makazi ya karibu na Gaza, Nahal Oz ikiwemo, yalishambuliwa. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo, na msiba huo ulifika hadi vijijini kwetu. Walionusurika walihamishwa, na tangu hapo swali la kurudi na kujenga upya limekuwa likizungumzwa kaya kwa kaya na mkutano kwa mkutano. Umbali wa nchi hizi mbili ni mkubwa na siasa zao hazifanani hata kidogo. Swali la nani aamue linafanana.

Kwa Shinyanga na Geita mambo machache yanaweza kuanza bila kusubiri sheria mpya. La kwanza ni daftari. Kijiji cha machimbo kiweke kipindi cha ukaaji, tuseme mwaka mmoja, na anayekitimiza aandikwe kuwa mkazi, awe wa Kahama au wa Kasulu, na mama wa mwaloni aandikwe kwa jina lake na si kwa jina la mume. Mkutano uitishwe jioni, maduara yanapofunga, badala ya saa nne asubuhi ambapo wote wako chini. La pili ni sehemu ya ushuru wa huduma kushushwa hadi mkutano mkuu wa kijiji, hata kama ni ndogo, ili watu wabishane juu yake na kuusimamia uamuzi wao. Halmashauri italalamika kwamba vijiji havina uwezo wa kutunza hesabu. Vijiji 833 vilitunza ngitili bila mhasibu.

La tatu linahusu matimba. Kila duara la Geita hushikiliwa na miti inayopangwa ukutani tangu mdomoni hadi chini. Mti ukiwa dhaifu au ukikosekana, udongo hushuka juu ya watu. Miti hiyo hutoka kwenye misitu ya hifadhi na mapori ya vijiji, mingi kwa njia za panya, na ndiyo maana bei yake hupanda na wenye maduara hupunguza idadi. Wakati huohuo, kilomita chache tu kutoka hapo, kuna wakulima wanaojua kufunga eneo, kulilinda na kulivuna kwa zamu. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutangaza msitu wake na kuuza mazao yake kwa kanuni zake. Kijiji cha halmashauri ya wilaya ya Geita, Msalala au Ushetu kinaweza kutenga ngitili ya matimba, kikawauzia wenye maduara kwa kibali cha halmashauri ya kijiji, na wachimbaji walioandikwa daftarini wakaketi kwenye kamati yake pamoja na banamhala na akina mama wa mwaloni. Mti wa kujengea duara huchukua miaka kadhaa kukomaa unapochipua kutoka kwenye shina la zamani, kwa hiyo kikao cha kwanza cha kamati hiyo kingefaa kifanyike kabla ya mvua za Novemba, siku za kufunga malisho.